Tumbo la Samaki wa Baba

Mama alinipigia simu Jumapili asubuhi, kabla sijafungua duka, akaniambia samaki ana mimba.

"Mimba ya nani?" nikamuuliza. "Si yuko peke yake humo ndani?"

"Sasa mimi nitajuaje? Nakuambia tumbo limefura. Njoo umwone. Si wewe ndiye daktari wa wanyama?"

Mimi si daktari wa wanyama. Nina duka la dawa za mifugo pale Mosocho. Nauza dawa ya kupe, dawa ya minyoo, chumvi ya ng'ombe, mbegu za sukuma. Mama hajawahi kuikubali tofauti hiyo, na mimi sijawahi kujisumbua kumsahihisha, kwa sababu, niseme ukweli, napenda akiwaambia hivyo watu kanisani. Lakini samaki? Samaki sikuwa nimewahi kumtibu hata mmoja.

Na huyu hakuwa samaki wa kuliwa. Alikuwa wa mapambo, rangi ya chungwa, mkia mrefu kama pazia, urefu wake haufiki kidole changu cha kati. Alikuwa wa baba. Na kama angekuwa wa mtu mwingine yeyote ningemwambia mama amtupie kuku, nikaendelea na kazi yangu.

Mwaka uliotangulia baba alipata kiharusi akiwa katikati ya shamba lake la chai, huko Gesima. Upande wake wa kulia wote ukalala, mkono na mguu. Maneno nayo yakaenda. Yalibaki mawili, kama unaweza kuyaita maneno: "ee" akitaka, na "aa-aa" akikataa. Mguu ulirudi kidogo kidogo mpaka akaweza kwenda na fimbo huku mama amemshika kiunoni. Mkono ulikataa. Dada wa mazoezi ya viungo hospitalini alimpa mpira mdogo wa kufinya, baba akautupa uvunguni. Akatuambia tumpe maharagwe ayachambue, baba akatutolea macho yale ya zamani, ya wakati tulipokuwa tunavunja vikombe. Yule dada akasema basi tafuteni kitu chochote, bora kiwe kitu anachokitaka mwenyewe, kimfanye atumie vidole. Mkono ukiachwa umelala, alisema, unasahau kazi yake.

Ndugu yangu mdogo, anayefanya kazi Nakuru, ndiye aliyekuja na tangi la kioo lenye samaki mmoja, amelipakata kama mtoto mchanga. Akaliweka juu ya meza, kando ya kiti cha baba karibu na dirisha, akachomeka pampu ya hewa, maji yakaanza kutoa mapovu. Mama alisimama mlangoni amekunja mikono.

"Kitu kisichokamuliwa wala kuliwa," akasema, "kitalala ndani ya nyumba yangu kwa kazi gani?"

Ndugu yangu akasema ni cha baba kutazama tu. Na baba alikitazama, jamani. Alikitazama mchana kutwa. Siku ya tatu, mama akiwa anasuka kikapu hapohapo sebuleni, aliuona mkono wa kulia ukitambaa wenyewe juu ya meza hadi kwenye kopo la chakula cha samaki. Kile chakula ni punje ndogo kama za wimbi. Vidole viwili na kidole gumba vikakutana ndani ya kopo, kama vilivyokutana miaka yote alipochuma chai, majani mawili na chipukizi. Punje nyingi ziliangukia mezani. Tatu ziliingia majini. Mama alitupa kikapu, akatoka mbio hadi kwenye majani chai kuwaita majirani, na wakaja, na baba akarudia mbele yao. Wakampigia makofi.

Makosa yalianza na makofi hayo.

Kwetu mgeni haingii nyumbani akatoka hajala. Hilo halina mjadala. Na samaki yule alikuwa na tabia moja: mtu yeyote akikaribia kioo, anakuja mbio na kufungua mdomo, kufunga, kufungua, kufunga. Sasa mwanamke wa Kigusii aliyelelewa akalelewa vizuri, umwonyeshe mdomo ulio wazi ndani ya nyumba yake, halafu umwambie akae tu aangalie? Haiwezekani. Kila mgeni aliyekuja kumjulia baba hali aliambiwa, "Hebu mwone anavyomlisha," na baba akalisha, na makofi yakapigwa. Mzee wa kanisa akija, analisha. Wachumaji wa chai wakipita kuomba maji ya kunywa, analisha. Shangazi yangu wa Magwagwa alikaa siku mbili, akaona zile punje ni kidogo mno, ni dharau, akawa anammegea samaki ugali.

Juu ya hayo kulikuwa na Ijumaa. Sisi ni Wasabato. Ijumaa kwa mama ni siku ya mbio: chakula cha kesho kinapikwa, nyasi za ng'ombe zinakatwa, viatu vinapigwa rangi, na jua likizama mikono inawekwa chini. Mama aliamua kwamba samaki naye ni mtu wa nyumba hiyo. Basi kila Ijumaa jioni baba aliambiwa ampe cha Ijumaa na cha Sabato kwa pamoja. Nilipomuuliza baadaye ni nani alimfundisha hivyo, alinijibu bila kupepesa macho kwamba hata Waisraeli waliokota mana ya siku mbili. Sawa, nikamwambia, lakini Waisraeli hawakuimeza yote kabla ya jua kuzama.

Hayo yote sikuyajua Jumapili ile asubuhi. Nilichojua ni kwamba mkono wa baba ulikuwa umeanza kuamka kwa sababu ya kisamaki kimoja, na kisamaki chenyewe kinaumwa. Kikifa, mkono nao unalala tena. Nilifunga duka ambalo sikuwa hata nimelifungua.

Mume wangu alikuwa anakunywa chai. Yeye ni mtu wa ziwani, ana kazi yake ya ofisi mjini Kisii, na tangu anioe watu wa kwetu wanamchukulia kuwa mtaalamu wa chochote chenye mapezi.

"Wewe umekulia ufuoni," nikamwambia. "Samaki akifura tumbo anapewa nini?"

"Nyanya na kitunguu," akasema. "Dania kidogo."

"Sicheki."

"Mama watoto, haki mimi samaki namjua akishafika kwenye sufuria. Akiwa hai hatujuani."

Nilimwacha na chai yake.

Gesima nilimkuta samaki anaelea juu ya maji, ubavu mmoja nje, mkia unajitahidi kumsukuma chini na tumbo linamrudisha juu. Tumbo lilikuwa duara kabisa. Nyuma yake ulining'inia uzi mweupe mwembamba, umekatika nusu. Baba alikuwa kwenye kiti chake, blanketi magotini, anamtazama. Aliponiona alisema "ee" na kuelekeza kidevu kwenye tangi. Alikuwa ananiomba. Baba yangu hajawahi kuniomba kitu maishani, na kidevu kile kilinichoma.

Nilimwita mama jikoni.

"Hana mimba. Amevimbiwa."

"Kama ng'ombe?"

"Kama ng'ombe."

"Basi," akasema mama, na mkono ukaenda moja kwa moja kwenye chupa ya mafuta ya kupikia.

Ng'ombe akivimbiwa kwa kula majani mabichi tunamnywesha mafuta, kila mtu wa milimani anajua hilo. Na nikiri: kwa sekunde moja hata mimi niliona ni jambo la maana. Kisha akili ikanirudia. Nilimnyang'anya chupa. Nilimwambia mafuta yatatanda juu ya maji, hewa haitaingia, na samaki atatufia hapohapo akiwa amekaangwa bila moto. Mama alinuna. Akasema basi nifanye ninavyojua, mimi niliyesoma.

Sikuwa najua. Nikampigia simu mteja wangu mmoja upande wa Nyamira, mama anayefuga vifaranga vya samaki kwenye mabwawa. Swali lake la kwanza lilinishangaza.

"Magamba yamesimama au yamelala?"

Nikarudi sebuleni, nikachungulia. "Yamelala."

"Asante Mungu. Yangekuwa yamesimama kama koni ya msonobari ningekupa pole tu. Anapata choo?"

"Kuna uzi mweupe."

"Amefunga. Anakula mara ngapi kwa siku?"

Nikamuuliza mama. Mama akaanza kuhesabu kwa vidole: asubuhi, wachumaji wakipita, saa nne, jirani yetu mwalimu akitoka shuleni, na wageni, na ule ugali wa shangazi. Vidole vya mkono mmoja vikaisha, akaanza vya pili. Mfugaji alikuwa anasikia kwenye simu. "Wee!" akasema. "Hata mimi ningefura."

Akanielekeza. Samaki asipewe chochote kwa siku tatu, hata punje moja. Maji yabadilishwe nusu, na yale mapya yawe yameshinda juani yapoteze ubaridi, maana baridi ya Gesima inalaza matumbo. Atengwe kwenye beseni lenye ile chumvi ya kuharisha, ya Epsom, kijiko kidogo, robo saa, mara moja kwa siku. Siku ya nne apewe minji moja, zile njegere za kijani, iliyochemshwa ikalainika, imemenywa ganda, imepondwa. Minji inasukuma. "Na akishapona," akasema, "punje chache asubuhi, basi. Samaki hajui kushiba. Ukimpa atakula mpaka afe."

Yote hayo yalikuwa rahisi. Chumvi ninauza mwenyewe, na pakiti moja ilikuwa kwenye mkoba wangu. Minji iko sokoni Keroka. Kazi ngumu ilikuwa moja, kumwambia baba asilishe, na kumwambia kwa nini.

Mtu asiye wa kwetu ataniona mjinga hapa, kwa hiyo nieleze. Tuna kitu tunachokiita chinsoni. Ni aibu na heshima vikiwa vimesukwa kamba moja. Binti mtu mzima haketi kitandani pa baba yake, haingii chumba chake cha kulala, na mambo ya mwili, ya kuanzia kitovu kushuka chini, hayatajwi mbele yake hata kwa mafumbo. Baba alipougua, mimi na ndugu yangu hatukuambiwa neno kuhusu kuoga kwake wala kwenda kwake choo. Hayo yalikuwa ya mama, mlango umefungwa. Mimi nauza dawa za kuhara za ndama siku nzima, nazitangaza kwa sauti kubwa mbele ya wanaume wa rika lote, sioni haya. Lakini nisimame mbele ya baba yangu niseme "choo"? Na nilijiuliza, nikimwambia samaki wako amefunga kwa sababu unamlisha kupita kiasi, si atasikia kama namsema yeye?

Kwa hiyo nilidanganya. Nilichukua kopo la chakula nikaliweka juu ya kabati, nikasema, "Tata," kwetu ndivyo tunavyomwita baba, "samaki anapumzika. Tusimpe chakula kwanza."

Alinitazama. Akatazama kabati. "Aa-aa," akasema.

"Siku chache tu."

"Aa-aa." Mkono wa kulia ukapiga meza. Haukuwa na nguvu, lakini ulipiga. Maji yakatikisika, na samaki, mjinga yule, akajikokota hadi kwenye kioo na kufungua mdomo. Baba akapiga meza tena, akanyoosha vidole vitatu kuelekea kabatini. Mama akasema, "Si umpe moja tu, mwanangu? Moja ina nini?" Basi hasira zikanipanda. Nina hasira za karibu, kila mtu aliyenunua dawa kwangu anajua. Nilikuwa nimefunga duka, nimelowa viatu, nimeshindwa kusema neno moja la maana, na hawa wawili wananivuta huku na huku.

"Unataka kumuua?" nikamwuliza baba yangu. Kwa sauti. "Ni wewe uliyemfanya hivi. Unataka kumaliza?"

Mama alishika mdomo. Baba aliuvuta mkono wake wa kulia kwa kutumia ule wa kushoto, akauingiza chini ya blanketi, akageukia dirishani.

Nilimhudumia samaki, nikambadilishia maji, nikamwogesha kwenye beseni la chumvi, nikarudi Mosocho. Sikuomba msamaha. Nilijiambia nitaomba samaki akipona.

Jumatatu mama akapiga simu: baba hajala. Jana jioni alikataa, leo asubuhi amekataa. Uji hataki, maziwa lala hataki, ndizi hataki. Kijiko kikikaribia anafunga mdomo.

Nilipanda tena. Nilimkuta vilevile, uso dirishani, mkono chini ya blanketi. Nilimeza hasira zangu, nikamsalimia kwa upole ambao sina, nikamwambia chakula kipo, Tata, kula kidogo. "Aa-aa." Nikageukia tangi. Niliwasha tochi ya simu, nikapiga magoti, nikamkagua samaki ubavu kwa ubavu. Tumbo lilikuwa bado, lakini alikuwa amenyooka kidogo, haelei tena ubavu. Nilimwambia baba habari hiyo kwa furaha. Hakugeuka.

Mchana huo nyumba ilijaa watu. Habari ilikuwa imeenea kwamba mzee amegoma kula kwa ajili ya samaki wake. Kila aliyeingia alipita moja kwa moja hadi kwenye kioo. "Tumbo lake linaendeleaje?" "Limeshuka?" "Hebu nione." Mama mmoja wa kanisani alisema mzee amefunga na kuomba, na kwamba ni imani kubwa. Mzee wa kanisa aliomba sala ndefu, akamkabidhi Mungu mzee wa nyumba hii na kila kiumbe kilichomo, chenye miguu na kisichokuwa na miguu. Nilikuwa na hamu ya kucheka na ya kulia kwa wakati mmoja. Kwa sababu mimi nilijua. Hii haikuwa imani. Nilimtukana mzee wa watu ndani ya nyumba yake, mbele ya mkewe, na hii ndiyo adhabu yake kwangu.

Jumanne ndugu yangu alinipigia kutoka Nakuru. Mama alikuwa amemweleza.

"Mrudishie kopo lake," akasema. "Samaki nitaleta mwingine. Baba sitaleta mwingine."

"Nikimrudishia, samaki anakufa leo, na atakuwa amemuua kwa mkono wake mwenyewe. Unataka hivyo?"

"Mbona hukumweleza tu?"

"Nimweleze nini? Wewe ungemweleza?"

Akaaga, akakata simu. Naye ni mtoto wa nyumba hiyohiyo.

Jumanne jioni baba alikuwa amekunywa maji tu. Macho yalikuwa yameingia ndani. Mama alikuwa anazunguka nyumba, anaingia, anatoka, anaanza sentensi na kuiacha. Mara mbili alinishika mkono na kusema, "Mwanangu, kuna..." kisha akasema nimsaidie kuleta kuni. Nilidhani ananilaumu na anaona aibu kulisema. Nikamwambia tungoje hadi kesho. Kesho ni minji.

Jumatano nilipitia Keroka, nikanunua minji kiganja kimoja, muuzaji akanicheka, akaniuliza napikia kuku wangapi. Saa tatu nilikuwa jikoni kwa mama nachemsha. Nilizileta sebuleni kwenye kisahani, nikakaa karibu na tangi, nikamenya ganda la moja. Inateleza, minji ya moto, inaruka. Niliiponda kwa kijiko, nikadondosha chembe. Samaki aliinusa, akaitema, akaifuata tena, akameza. Nikadondosha nyingine. Kisha tukangoja, mimi na mama, kwenye viti, kama watu walio nje ya chumba cha kujifungulia. Baba alikuwa ametazama upande wetu, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

Zilipita kama saa mbili hivi. Samaki alikuwa pale chini, kwenye kona, amenuna. Mara akatikisika, akasogea mbele kidogo, na nyuma yake kikatoka kitu kirefu, cheusi, kinene, kikaendelea kutoka, na kuendelea, karibu urefu wake mwenyewe. Nikaruka kutoka kitini.

"Ameenda choo!" nikapiga kelele. "Mama! Ameenda choo!"

"Wee!" mama akasema, na kuweka kiganja mdomoni.

Hapo nikakumbuka nilipo. Nilisimama katikati ya sebule, tochi mkononi, uso unawaka. Neno lilikuwa limeshatoka. Huwezi kulirudisha. Na nikaona, kwa uchovu tu, si kwa ushujaa, kwamba kama limeshatoka basi litoke lote. Nilikwenda nikapiga magoti mbele ya kiti cha baba.

"Tata," nikasema, "nilikudanganya. Samaki hakuwa anapumzika. Alikuwa amefunga choo. Chakula kimemjaa tumboni, hakitoki, ndiyo maana nilikunyima kopo. Ningekuambia siku ile, lakini niliona haya. Badala yake nikakupigia kelele, nikakuambia unamuua. Haikuwa haki. Nisamehe. Na sasa kula, tafadhali, utakufa."

Mdomo wake ukaanza kusogea, ule upande mzima ukiuvuta ule mbovu. Nilidhani analia. Sauti ikatoka, nzito, imekwaruza, lakini imenyooka.

"Hata mimi," akasema.

Mama alikaa chini. Yalikuwa maneno ya kwanza tangu kiharusi, maneno halisi, mawili yaliyofuatana, na sikuyaelewa. Hata yeye nini? Hata yeye nimsamehe? Kisha akafunua blanketi kwa mkono wa kushoto, akauweka juu ya tumbo lake. Shati lilikuwa limebana, vifungo viwili vimefunguliwa. Tumbo la mtu ambaye hajala kwa siku tatu halikai vile. Lilikuwa limefura, gumu. Siku tatu nilikuwa naingia na kutoka ndani ya chumba kile na tochi, napiga magoti mita moja kutoka kwake, nakagua tumbo la samaki.

"Tangu lini, Tata?" nikauliza.

Mkono wa kulia ukatoka chini ya blanketi. Akavinyanyua vidole kimoja kimoja, polepole, na kila kimoja kilimtoa jasho. Vinne. Akavitazama, akatikisa kichwa, hesabu haikumridhisha.

"Sita," mama akasema nyuma yangu. "Leo ni siku ya sita."

Jirani ana gari. Tulimfikisha baba hospitalini kabla ya saa nane, wakamsaidia hukohuko, na sitaandika zaidi, ni baba yangu. Saa kumi na moja alikunywa uji kikombe kimoja, akaonyesha kidevu, akaongezwa cha pili. Muuguzi alituambia watu wa kiharusi hupata shida hiyo mara kwa mara, wanakaa sana, wanakunywa maji kidogo, dawa nazo zinafunga. Tungemleta mapema asingeteseka hivyo. Alisema "mapema" akinitazama mimi, mwenye simu ya maana na koti la duka la dawa.

Nilimtoa mama nje, kwenye benchi. Nilikuwa nachemka.

"Siku sita," nikamwambia. "Siku sita, mama! Nilikuwa pale. Kila siku nilikuwa pale. Kwa nini hukuniambia?"

"Nimempa papai," akasema. "Nimempa maji moto. Nimemkanda. Nimefanya yote ninayoyajua."

"Sikuulizi hayo. Nauliza kwa nini hukuniambia."

Alivua kitambaa cha kichwa, akakikunja juu ya magoti, akakikunjua, akakikunja tena.

"Ningekuambiaje?" akasema. "Wewe ni binti yake. Na kila ulipokuja, ulikuja kumwona samaki."